Je, Lisemwalo Lipo?

Jumapili moja, Misa ilipokwisha, tulikaa na watu wachache chini ya mwembe katika uwanja wa misioni hapa Sakania. Kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa na simu mkononi. Alituambia kwamba anataka kuandika habari za mji wetu katika ile kamusi elezo ya intaneti iitwayo Wikipedia, ili watu wa dunia nzima wapate kuzisoma. Tulimsifu, maana ni kazi njema. Kisha akatusomea sentensi yake ya kwanza: ya kuwa mji wa Sakania ulipewa jina hilo kwa heshima ya Monsinyori Joseph Sak, Msalesiani, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa misioni za upande huu.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Sak, Sakania, nani asiyeona? Lakini mzee mmoja, mwana wa mfanyakazi wa reli, akamwuliza polepole, “Mwanangu, treni ilifika hapa mwaka gani?”

Kijana akatafuta, akajibu, “Mwaka 1909, Mzee.”

“Na Padre Sak na wenzake walifika Katanga mwaka gani?”

“Mwaka 1911.”

“Basi niambie. Treni ilipofika hapa, kituo kilikwisha kuitwa Sakania. Je, walikiita kwa jina la mgeni ambaye bado yuko kwao Ubelgiji, na hawajui kama atakuja?”

Kijana akanyamaza. Wengine wakacheka, lakini mzee hakucheka. Akasema, “Hukusema uongo, mwanangu. Ulidhani. Lakini atakayesoma hatajua kwamba ulidhani.”

Neno hilo la mzee limekaa nasi tangu siku ile, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Swali letu ni hili: mtu anayeandika habari za mahali padogo, habari ambazo watu hawapatani juu yake, ana wajibu gani? Je, yatosha kwamba hakukusudia kudanganya? Na tena, afanye nini ikiwa jambo lilitokea kweli, wala hakuna karatasi ya kulithibitisha?

Kwanza hatuna budi kueleza ile kamusi elezo ni kitu gani, maana wengi huisoma bila kujua jinsi inavyotengenezwa. Ilianza mwezi wa Januari mwaka 2001. Haiandikwi na wataalamu waliochaguliwa, bali na mtu ye yote apendaye, popote alipo, wala halipwi. Aliyeandika leo aweza kusahihishwa kesho na mwingine asiyemjua. Kila badiliko hutunzwa katika orodha, hata ukitaka kujua sentensi fulani iliingia siku gani, waweza kuona. Tena kila makala ina ukurasa wa majadiliano, ambako wasiopatana huhojiana. Na sheria yao kubwa ni kwamba habari iwe na chanzo kilichokwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika, kama vile kitabu au gazeti. Habari isiyo na chanzo hutiwa alama ya kuomba uthibitisho, au hufutwa.

Sheria hiyo ni ya busara, kwa maana wenye kuandika hawajuani. Huwezi kumwambia mtu wa Marekani, “Niamini, maana babangu alikuwapo.” Yeye hakujui wewe wala babako. Chanzo ni kama shahidi ambaye kila mtu aweza kwenda kumwuliza mwenyewe.

Lakini yatubidi kujua pia mahali sheria hiyo inapopungukiwa. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba mtu mmoja ameandika humo uongo juu ya John Seigenthaler, mzee wa magazeti huko Marekani, kwamba ati alidhaniwa kuwa na mkono katika kuuawa kwa Rais Kennedy na ndugu yake. Uongo huo ulikaa miezi minne kabla ya kuondolewa. Na huyo alikuwa mtu ajulikanaye katika nchi ya watu wanaosoma sana. Mwaka 2007 mtu mwingine aliandika habari ndefu ya vita vya Bicholim, mahali padogo huko Goa katika Uhindi, vilivyosemekana kupiganwa mwaka 1640 na 1641 kati ya Wareno na Wamaratha. Makala yale yalipendeza hata yakapewa alama ya kuwa makala mazuri. Yalisimama hivyo karibu miaka mitano. Mwisho wa mwaka 2012 msomaji mmoja akafanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameifanya: akavitafuta vile vitabu vilivyotajwa chini yake. Havikuwako. Na vita vyenyewe havikupiganwa kamwe.

Kwa nini uongo huo uliishi muda mrefu hivyo? Kwa sababu ulihusu mahali padogo. Ukiandika kwamba mji wa Paris umeteketea jana, watu maelfu watakukanusha kabla ya chakula cha jioni. Lakini ukiandika habari za mji mdogo wa Bicholim, au za upande wetu huu wa Sakania, nani apitaye hapo akaona? Aliyejua hasomi, na asomaye hajui. Na likikaa siku nyingi, neno huota mizizi: mwandishi wa gazeti hulinakili, kisha mwingine hulitaja gazeti lile kuwa chanzo. Hapo uongo umepata shahidi, na shahidi huyo ni mtoto wake mwenyewe. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi twaona kwamba yaweza kuwa ndefu sana, ikiwa hakuna aendaye kuikagua.

Tuna methali nyingine ambayo watu huipenda mno: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Yafaa kutuonya tusidharau habari ya hatari. Ikisemwa kwamba mto umejaa, usivuke kwanza. Lakini haifai kuwa kipimo cha ukweli juu ya jirani, au juu ya wafu. Jambo lililopita halimo njiani kuja. Lilikuwa au halikuwa, wala wingi wa midomo hauwezi kuligeuza.

Mtu aweza kutuuliza, “Kosa kama la jina la Sakania lamdhuru nani?” Twajibu: kosa hilo halimdhuru mtu. Lakini mazoea ya kukubali tusichochungua ni yale yale, na katika mambo mengine yanadhuru sana. Sisi wa Katanga tumeona. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi na mahali pengine. Wengi walikuwa wamezaliwa huku. Walikaa vituoni siku nyingi wakingoja treni, na kati yao wako waliokufa hapo hapo na watoto wao. Kabla ya mikono kutenda, midomo ilikuwa imenena: nani alifika kwanza, nani ni mwenyeji, nani alimnyang'anya nani kazi na nyumba. Hayo yote ni madai juu ya mambo yaliyopita. Ni wachache waliouliza, “Ulijuaje?” Basi, asiseme mtu kwamba historia ya mahali padogo ni hadithi za kupitisha jioni. Watu hupoteza nyumba kwa ajili yake.

Sasa tufike kwenye upande wa pili wa swali, ambao ni mgumu zaidi. Ikiwa twakubali yaliyoandikwa tu, tutafanya nini na mambo ambayo walioyaandika ni upande mmoja peke yake?

Mwezi wa Desemba mwaka 1941, wakati wa vita kuu, wafanyakazi weusi wa Union Minière walifanya mgomo. Bei za vitu zilikuwa zimepanda, na mshahara haukutosha. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika hapo, na askari walikuwapo. Bunduki zikalia. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa, na wengi pamoja naye. Hayo hakuna ayakanaye. Lakini walikufa wangapi? Hesabu za wakubwa zilitaja makumi, na watu wa makambi walisema wamepita mia. Nani alimpiga Mpoyi? Watu wamesimulia kwamba ni gavana kwa mkono wake mwenyewe.

Ebu fikirini, ndugu. Wenye kalamu na karatasi siku ile walikuwa ndio wenye bunduki. Mjane wa kambini hakuandika ripoti. Tukisema kwamba neno lisilo na karatasi si kitu, tumempa aliyeua haki ya kuhesabu maiti. Lakini tukisema kwamba kila hesabu isimuliwayo ni kweli kwa kuwa ilisimuliwa na walioonewa, tumeacha pia kutafuta ukweli. Aliyeonewa naye aweza kukosea hesabu, hasa akiwa amekimbia huku risasi zikipita. Kumhurumia ni wajibu wetu, lakini huruma haitupi ruhusa ya kutunga idadi.

Kuna mfano mwingine, karibu nasi zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ilianguka msituni karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Ndani yake alikuwamo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga vikome. Walikuwamo watu 16. Mmoja aliokotwa akiwa hai, naye akafa siku chache baadaye hospitalini. Wachoma makaa na watu wengine wa msitu ule walisema waliona mambo angani usiku huo: wengine ndege ya pili, wengine mwali wa moto. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuwaamini, ikaamua kwamba rubani alikosea. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1962, haikukata shauri.

Miaka ikapita, na mashahidi wale wakazeeka. Lakini wako watu waliokwenda kuwatafuta na kuwauliza tena, na maneno yao yakaingia katika vitabu na katika uchunguzi mpya. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimweka Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania, kuongoza jopo la kuchungua habari mpya, na baadaye akaendelea na kazi hiyo peke yake. Huyo hakuwatupa wachoma makaa kama walivyotupwa zamani. Wala hakusema kwamba kila walichosema ni hakika. Alipima kila ushahidi, huu una nguvu na huu ni dhaifu. Mwaka 2017 alisema kwamba yaelekea kuwezekana kuwa ndege ilishambuliwa au kutishwa na wengine, na akaziomba serikali zenye karatasi za siri zizifungue. Hakusema kwamba amekwisha kujua. Kwetu sisi hapo ndipo penye fundisho. Mchoma makaa alipewa heshima yake alipoulizwa vizuri na kusikilizwa, na neno lake likawekwa katika mizani moja na neno la rubani na la waziri.

Basi twaona kwamba kuna makosa mawili. La kwanza ni kuamini kwa sababu neno limependeza, au limesemwa na watu wetu. La pili ni kukataa kwa sababu aliyesema hana cheo wala karatasi. Makosa haya yafanana kuliko tunavyodhani, maana yote mawili humwondolea mtu taabu ya kuuliza.

Ninyi mnaosoma kitabu cha Danieli mwajua habari ya Susana. Wazee wawili wenye cheo walimshtaki, na mkutano wote ukawaamini kwa kuwa ni wazee na waamuzi. Danieli, aliye kijana, hakubishana juu ya cheo chao. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake, mliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule. Swali dogo likaokoa uhai wa mtu. Angewauliza wote wawili pamoja, wa pili angeitikia tu neno la wa kwanza, na mwanamke angeuawa kwa ushahidi wa watu wawili.

Tena mtu asidhani kwamba kuchungua ni kazi ya wasio na imani. Mwaka 1643, huko Antwerpen, Mjesuiti Jean Bolland alianza kuchapa habari za Watakatifu zilizochunguliwa. Yeye na wenzake walitafuta maandiko ya kale, wakatenga yaliyo hakika na yaliyotungwa baadaye. Mmoja wao, Daniel Papebroch, alionyesha kwamba hakuna uthibitisho kuwa nabii Eliya ndiye aliyeanzisha shirika la Wakarmeli. Watu wakakasirika. Mwaka 1695 mahakama ya dini ya Hispania ikavipiga marufuku vitabu vyake, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1715, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alivumilia mengi, lakini hakuandika jambo asiloliona katika maandiko ili tu apate amani. Watakatifu hawakupungukiwa na kitu kwa kazi ile. Sifa ya uongo haimfai aliye mbinguni, kama vile isivyomfaa aliye duniani.

Sasa kijana wetu afanye nini, na sisi sote tumsaidieje? Twaona mambo matano.

Kwanza, aulize miaka, kama yule mzee alivyouliza. Madai mengi huanguka yenyewe ukiyapanga kwa miaka. Aliyesemwa kujenga kanisa, je, alikuwa amekwisha kufika? Aliyesemwa kutia sahihi, je, alikuwa hai?

Pili, aulize nani aliona na nani alisikia. Mashahidi kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Kisha awaulize mmoja mmoja, wala asiwape jibu ndani ya swali. Ukimwuliza mzee, “Si kweli kwamba walikufa mia?” atakuitikia kwa adabu. Mwulize, “Uliona nini?” kisha unyamaze, umwache aseme.

Tatu, atafute maandiko ya hapa hapa. Parokia ina vitabu vya Ubatizo, vya Ndoa na vya wafu. Amwombe padre ruhusa. Lakini ajue kitabu kinathibitisha nini. Cha Ubatizo chathibitisha kwamba mtu fulani alibatizwa siku fulani. Kama alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo waweza kuwa wa kukadiria tu.

Nne, wasiopatana wote waandikwe, kila mmoja na neno lake. “Serikali ilisema hivi, wazee wa kambi walisema hivi.” Hiyo si woga. Ni kumwambia msomaji ukweli wote tulio nao, pamoja na mpaka wake. Na jambo liwezalo kuvunja jina la mtu aliye hai, au la jamaa yake, kama halina uthibitisho lisiandikwe kabisa. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia mtu uongo, na yatuonya pia tusimhukumu mwenzetu bila sababu ya kutosha.

Tano, ushuhuda wa wazee usiachwe hewani. Kamusi elezo haiwezi kupokea neno la mdomoni, nasi hatuilaumu. Lakini sisi twaweza kulifanya neno la mdomoni liwe chanzo. Liandikwe vizuri, pamoja na siku, mahali na jina la aliyesema, kama akikubali, kisha lichapishwe katika gazeti la parokia au lipelekwe kwa wenye elimu. Jambo hili limekwisha kufanyika. Mwaka 1965 boyi wa zamani wa Elisabethville waliandika wenyewe, kwa Kiswahili cha mji, historia ya mji ule kama walivyouona wao wakiwa majikoni na nyumbani kwa mabwana, na André Yav ndiye aliyeikusanya. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi katika picha nyingi, na wafu wa Union Minière wamo. Tangu mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya kumbukumbu za wenyeji katika kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi. Leo wasomi wa mbali huzisoma kazi hizo na kuzitaja. Neno la boyi limekuwa chanzo, kwa sababu kuna aliyefanya taabu ya kuliandika.

Mtasema kwamba hii ni kazi kubwa kwa sentensi moja. Ni kweli. Lakini tazameni mkulima: hapandi mbegu aliyoiokota njiani bila kuitazama, maana anajua atakula kitakachoota. Yaliyoandikwa leo yatasomwa na watoto wetu, wala sisi hatutakuwapo kuwaambia, “Hilo tulidhani tu.”

Kijana yule alirudi majuma mawili baadaye na sentensi mpya. Ameandika kwamba treni ilifika Sakania mwaka 1909, na kwamba Wasalesiani wa kwanza walikuja Katanga mwaka 1911, wakiongozwa na Padre Joseph Sak. Ameandika tena kwamba Vikariati ya Sakania iliundwa mwaka 1939, ikawa jimbo mwaka 1959, na tangu mwaka 1973 yaitwa Jimbo la Sakania-Kipushi. Kila neno ameliwekea chanzo chake. Juu ya asili ya jina la mji hakuandika kitu. Tulimwuliza sababu.

Akajibu, “Nimeuliza wazee watatu, kila mmoja kwake. Wamenipa majibu mawili. Nitauliza tena.”

Yule mzee wa reli alikuwa amekaa karibu. Akamwambia, “Njoo kwangu Jumamosi, mwanangu. Nitakupeleka kwa dada yangu mkubwa. Yeye anakumbuka kuliko mimi. Lakini usimwambie mimi nilisema nini.”